Jibu: Kila Kwaresima naacha pombe, Pasaka narudi palepale. Imani inasaidiaje?

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu yangu.

Umeuliza kwa nini unaweza kukaa bila bia tangu Jumatano ya Majivu, halafu Jumatatu ya Pasaka uko baa kama kawaida, na kama hiyo ni dalili ya imani ndogo. Nimepita humohumo miaka kadhaa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Imani yako si ndogo. Asiye na imani hapiti mbele ya baa na mshahara mfukoni majuma yote hayo. Ila nadhani umeshika kipande kimoja cha Kwaresima ukaacha viwili. Injili ya Jumatano ya Majivu ni Mathayo 6, na Yesu pale anataja sadaka, kisha sala, kisha kufunga. Sadaka imetangulia. Sisi wengi tunakimbilia kufunga, tena kwa kuhesabu siku, na anayehesabu siku anasubiri ziishe.

Mimi kilichonigeuza ni sadaka. Katekista wetu alitufundisha kwamba unachojinyima kina mwenyewe, yaani pesa usiyoila haijawa akiba yako, ni ya mwenye njaa. Nikapiga hesabu ya ninachoacha baa kila wikiendi, nikashtuka. Katika jumuiya yetu alikuwapo mama mjane ambaye mwanawe alikuwa anarudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa chakula shuleni. Nikawa nampa mwenyekiti wa jumuiya pesa ile ampelekee, bila mama kujua inatoka kwa nani. Mtoto akarudi darasani.

Pasaka ikafika. Sasa ningefanyaje? Kwaresima imekwisha, lakini shule inaendelea na mtoto anataka kula mwezi wa tano kama alivyokula mwezi wa tatu. Wenzangu wakiniita, nilikuwa naona wazi kwamba bia ile ni chakula chake. Nguvu ya kukataa niliyoitafuta miaka yote kwa kujikaza, niliipata hapo, na naamini kabisa ni Mungu aliyenipa kupitia mtoto yule.

Sala nayo ina saa yake. Hatari yangu ilikuwa Ijumaa jioni, na parokiani kwetu Njia ya Msalaba, sala ya Kwaresima ya kufuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo, husaliwa saa hiyohiyo. Katika vituo 14, Yesu anaanguka cha 3, cha 7 na cha 9, na kila mara anainuka na msalaba wake. Nilisali vituo hivyo tangu utotoni; mwaka ule ndipo viliponiingia. Lakini angalia: baada ya Pasaka Ijumaa inabaki wazi, na wengi tunaangukia hapo. Kanisa limeweka siku 50 za Pasaka mpaka Pentekoste, nyingi kuliko zile 40 za Kwaresima, na hatuzipangii chochote. Mimi nilijiunga na kwaya kwa sababu mazoezi yao yalikuwa Ijumaa. Sauti yangu ni ya kawaida tu, walinipokea.

Jambo jingine, tafadhali usilipuuze: kama unakunywa kila siku, na ukikosa mikono inatetemeka au unatoka jasho usiku, muone daktari kabla ya kuacha ghafla. Mwili uliozoea pombe sana unaweza kupata degedege. Kwenda hospitali hakupunguzi imani.

Kuhusu aibu ya kupeleka dhambi ileile kwenye kitubio, nenda, tena nenda juma la kwanza la Kwaresima. Wiki Kuu foleni ni ndefu na padre hana nafasi ya kukusikiliza vizuri. Mweleze kama ulivyotueleza hapa. Mimi nilipofanya hivyo aliniuliza nashindwa saa ngapi na nikiwa na nani, kisha malipizi aliyonipa, yaani tendo la toba, yakawa ya saa ileile: Ijumaa, mara nitokapo kazini, nipitie kanisani kwanza.