Nepi za Kitambaa na Wekundu Usiokwisha

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miezi 16, na tangu azaliwe namvisha nepi za kitambaa. Kwa wiki mbili sasa makalio na kinena chake vimekuwa vyekundu, na kila asubuhi ninapomfungua nepi hulia kabla hata sijamgusa. Mtaani kwetu maji huja kwa mgao, kwa hivyo tunafulia ya mitungi, na msimu huu wa baridi nguo hazikauki upesi. Mama mkwe ananihimiza nimpake poda. Katika duka la dawa niliuziwa krimu ambayo ilimsaidia siku mbili, kisha wekundu ukarudi kwa kishindo. Majirani wanasema kosa ni nepi zenyewe. Je, niziache?
Mama Baraka, Umoja, Nairobi

JIBU: Pole sana, Mama Baraka. Nepi zako usizitupe bado, kwa sababu kinachomchoma mtoto si kitambaa bali ni kile kinachobaki ndani yake. Mkojo unapochanganyika na kinyesi, bakteria huuvunjavunja na kutoa amonia, ile harufu kali inayokupiga puani unapofungua nepi ya alfajiri, na hapo vimeng'enya vya kinyesi huzidi nguvu na kuila ngozi ambayo tayari imelainika kwa kulowa usiku kucha.

Hata hivyo, jambo lililonishtua zaidi katika barua yako ni hiyo krimu. Tafuta boksi lake usome jina la dawa lililochapishwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Ukikuta betamethasone au clobetasol, acha kuipaka leo. Hizo ni dawa za jamii ya steroidi, ambazo hufifisha wekundu haraka huku zikiacha fangasi waendelee kustawi, na nepi inapozifunika huwa kama bandeji inayozisukuma ziingie mwilini kwa wingi kuliko inavyofaa kwa mtoto mdogo.

Kisha mlaze kitandani karibu na dirisha, umfungue mikunjo ya mapaja taratibu. Wekundu wa kuchomwa na mkojo kwa kawaida hukaa kwenye sehemu zilizoinuka zinazogusana na kitambaa, na ndani ya mikunjo ngozi hubaki salama. Ukiona mikunjo yenyewe imeiva kwa wekundu, na pembeni kumetawanyika vipele vidogovidogo, inaelekea ni fangasi, hasa ikiwa mtoto alimaliza dawa za antibiotiki hivi karibuni au ameharisha. Kwa fangasi, muulize mfamasia krimu ya clotrimazole ya asilimia 1 isiyochanganywa na dawa nyingine, umpake kidogo mara mbili kwa siku, wala usiikatize siku ile ile ngozi inapotakata.

Iwe fangasi au la, mwoshe kwa maji ya vuguvugu bila sabuni, mkaushe kwa kugusagusa pasipo kusugua, mwache wazi kwa muda juu ya taulo, kisha mpake krimu ya zinki tabaka nene. Mchana mbadilishe kila baada ya saa mbili au tatu, na akienda haja kubwa usingoje. Poda nayo, umweleze mama mkwe kwa adabu, hurushwa hewani ikaingia kwenye mapafu ya mtoto.

Sasa tuje kwenye ufuaji. Maji yakiwa machache, kinachopunguzwa kwanza ni kusuuza. Chukua nepi iliyofuliwa na kukauka, itie katika beseni la maji safi na uifikiche: povu likitokea, sabuni ingali ndani ya kitambaa, na mtoto akikojoa inayeyuka juu ya ngozi yake. Punguza sabuni badala ya kupunguza maji ya kusuuza, na maji ya suuzo la mwisho yatumie kulowekea nepi chafu za kesho. Dawa ya kulainisha nguo iache kabisa, kwani hukipaka kitambaa utando unaokizuia kunyonya. Iwapo ni fangasi, nepi ziloweke kwanza katika maji ya moto yaliyotoka jikoni. Zisipokauka kambani, zimalizie kwa pasi. Nepi yenye unyevunyevu usimvishe.

Ukiona malengelenge, usaha, damu au homa, au wiki ikipita bila nafuu, mpeleke kliniki, ukiwa na lile boksi mkononi.

Na kwa usiku wa wiki hii, mvishe nepi ya dukani. Hizo hunyonya mkojo na kuuweka mbali na ngozi kwa saa nyingi zaidi, na majirani wakiiona kwenye pipa la taka, waache waseme. Ngozi ikipona, usiku urudie kitambaa, mbili pamoja, bila kufunga plastiki juu yake.