Sudo imenikataa kwenye Debian: nifanyeje?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la steshenari Kirumba, Mwanza. Juzi niliondoa Windows kwenye kompyuta ya dukani nikasakinisha mfumo endeshi wa Debian 12. Naingia kwenye akaunti yangu bila shida, lakini nikitaka kuongeza programu ya printa kwa amri ya sudo, ile inayompa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya msimamizi, najibiwa kwamba jina langu halimo kwenye faili la sudoers, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kuitumia, ingawa nywila ni sahihi. Je, nisakinishe upya?

JIBU: Hapana, kwa kuwa mfumo wako hauna hitilafu. Wakati wa kusakinisha, kabla ya kuulizwa jina lako, uliombwa nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta. Anayeijaza, akaunti yake ya kawaida haiingizwi katika kundi la sudo. Anayeiacha wazi, root hufungwa na akaunti ya kwanza ndiyo inayopewa mamlaka. Bila shaka wewe uliijaza. Ubuntu, mfumo ndugu wa Debian, haiulizi swali hilo, na ndiyo maana maelekezo yake hayatakufaa hapa.

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike su - (su, nafasi, kisha kistari) ili uwe root, na kuingiza nywila ya root, ambayo haitaonekana unapoiandika. Kile kistari wengi hukiacha wakidhani ni pambo, kumbe tangu Debian 10 ya mwaka 2019, su isiyo na kistari haitafuti amri zilizomo ndani ya folda ya /usr/sbin, nawe utaambiwa kwamba amri haipo. Kisha, ili ujiingize katika kundi la sudo, andika adduser juma sudo, ukiweka jina la akaunti yako mahali pa juma. Wapo wanaopendelea usermod -aG sudo juma. Nayo ni sawa, ila ukiisahau ile herufi a, utaondolewa katika makundi yako mengine, yakiwemo ya sauti na skana. Mimi nashauri adduser.

Kufunga terminali pekee hakutoshi. Toka kwenye akaunti kabisa, uingie tena, kwa kuwa makundi husomwa mtu anapoingia, kisha uhakikishe kwa amri ya groups.

Usishawishike kufanya kazi za kila siku kama root, maana amri moja ya kufuta iliyokosewa haitazuiwa na chochote. Msaidizi wako wa dukani naye mfungulie akaunti yake kwa sudo adduser, kwa jina la herufi ndogo tupu, kwa sababu herufi kubwa hukataliwa, na usimwingize katika kundi la sudo.