Nyinyi mnaoanza kuongoza wageni, nyundo iacheni nyumbani

Jumamosi ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, nikamwona mmoja wenu akiongoza mama wa Kijerumani na wanawe wawili chini ya mwamba. Alieleza vizuri, roho yangu ikafurahi. Kisha akaokota jiwe, akagonga, akang'oa kipande chenye alama ya tumbawe kama ua na kumpa mtoto. Wanangu, jambo hilo nililianza mimi, na linakoishia nakujua.

1. Jueni mnachoonyesha. Mwamba huu ulikuwa matumbawe hai miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Ngome ya Yesu ya hapa Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, imekaa juu yake, na kuta za Mji wa Kale ni jiwe hilohilo. Mgeni aguse ukuta, umwambie asogeze macho: atayaona matumbawe yenyewe.

2. Pangoni piga hodi. Mengi yana wenyewe, na watu huomba humo. Kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu, ziliingizwa katika urithi wa dunia 2008, lakini ruhusa ya kuingia bado iko kwa wazee. Ukiambiwa leo hapana, ni hapana, hata kama gari limejaa na dereva anapiga honi.

3. Msiuze mwamba. Hapa nakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili kazini, mwalimu mstaafu kutoka Uingereza aliniuliza kama angeweza kupata kipande cha kumbukumbu. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili. Nikaazima patasi kwa fundi wa ngalawa, nikalitoa tumbawe zima, kubwa kama kichwa cha mtoto, limejaa mikunjo. Akanipa shilingi elfu mbili. Watoto wawili waliokuwa wakiokota kombe walisimama wakatazama mpaka mwisho.

Wiki ya pili kulikuwa na meza ya mbao kando ya njia, vipande saba juu yake. Baada ya miezi minne watu wazima walishuka na nyundo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba waliponiona walinishukuru, kwamba nimewafungulia riziki, na nikashindwa kufungua kinywa. Siku moja mzee aliyekuwa akiangalia msikiti mdogo pale juu alinishika mkono, akaniteremsha ufuoni, akatia kidole kwenye shimo la kwanza. Langu. "Mwanangu, hili wewe umelipwa. Wajukuu wangu watamwonyesha mgeni nini?" Sikuwa na jibu, na sijalipata. Kwa miaka mitatu hatukupeleka mtu pale, kwa sababu hapakuwa na cha kutazama, na ile meza ikaoza na vipande visivyouzika juu yake. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inalinda visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, lakini aliyesimama ufuoni siku ile nilikuwa mimi, si sheria.

Mtu akiwaambia ardhi hupona, mpelekeni Bamburi. Machimbo ya kiwanda cha simenti yalianza kupandwa mivinje 1971 na mtaalamu wa kilimo René Haller, majongoo wakasaga majani makavu yakawa udongo, na leo ni msitu. Napapenda mno. Lakini pale ulirudi msitu. Jiwe lililochimbwa halikurudi.

4. Someni jedwali la maji kupwa na kujaa kabla ya kupanga saa, si baada.

5. Lipeni maelezo na ulinzi. Mmoja wa wale watoto wawili nilimtafuta alipokuwa kijana, nikamwomba awaeleze wageni wangu jinsi nyanyake alivyochoma chokaa. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali, na siku ile wageni walikaa naye saa nzima, mimi nimenyamaza pembeni. Nilimlipa palepale, mbele yao. Fungu la kijiji katika pesa za wageni nalo lisomwe hadharani kila mwezi, hata likiwa shilingi mia tano. Nimeona kamati mbili zikivunjika kwa sababu mtu mmoja alikaa na daftari kwake.

Na wewe wa Jumamosi, sijakukasirikia, una sauti nzuri na subira na watoto. Bamvua ijayo njoo nami asubuhi. Mzee ameshafariki, ila mjukuu wake yupo, na shimo langu bado liko palepale, mkono unaingia mpaka kiwikoni.