Kibla ya Maskati

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma, na ile picha ya karatasi nimeikuza kwenye simu mpaka nikaona hata ulipofuta. Hesabu yako ya kibla ni safi. Longitudo ya Makka 39.83, ya Maskati 58.38, tofauti ni hasi 18.55. Latitudo 21.42 kwa 23.59. Kiasi umepata hasi 0.318, asili hasi 0.0199. Ukagawa ukapata kama 16, ukabonyeza tan⁻¹, kile kitufe cha kutoka tanjiti kurudi kwenye pembe, ikatoka nyuzi 86. Simu nayo ikasema kibla ni 266. Mkwe wangu akacheka, akasema kanuni ya mama imechakaa, nawe ukaniuliza: kanuni imekosea wapi?

Kanuni haijakosea popote. Naiandika tena kwa ajili ya mumeo: tanjiti (tan) ya kibla ni saini (sin) ya tofauti ya longitudo, gawanya kwa (kosaini (cos) ya latitudo yako mara tanjiti ya latitudo ya Makka, toa saini ya latitudo yako mara kosaini ya tofauti ya longitudo). Pembe inahesabiwa kutoka kaskazini kwenda mashariki. Na kuchakaa, sijui. Al-Biruni, yule mwanazuoni wa kale wa hesabu na nyota, alipoitafuta kibla ya Ghazna, mji wa Afghanistan ya leo, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, aliihesabu kwa njia kadhaa, asiridhike na moja. Hakuwa na simu wala satelaiti. Mwambie hivyo, kwa adabu.

Lakini swali ambalo ningetaka uniulize ni jingine: ulichora kabla ya kubonyeza? Karatasi yako imejaa tarakimu, sikuona hata mstari mmoja wa mchoro. Tangu uko darasa la saba nakwambia, chora kwanza, hesabu baadaye. Kikokotoo hakijui uko wapi. Wewe ulikuwa na alama mbili za hasi mkononi, na kila moja ilikuwa na habari yake. Hasi ya juu inasema Makka iko magharibi yako. Hasi ya chini inasema njia inaondoka ikiinamia kusini. Ukagawa hasi kwa hasi, zikafutana zote mbili, ukaipa mashine 16 tupu. Sasa 16 ni tanjiti ya nyuzi 86, na ni tanjiti ya nyuzi 266 vilevile, kwa kuwa tanjiti inajirudia kila baada ya nyuzi 180. Mashine haiwezi kukujibu mara mbili, kwa hiyo ilipangwa tangu zamani kwamba tan⁻¹ ijibu baina ya hasi 90 na 90 tu. Imekupa ya huko. Kuongeza 180 ni kazi yako. Ungechora pwani ya Oman na bahari mbele yake, usingekaa hata dakika moja ukifikiria kuswali kuelekea India.

Ndiyo maana nilipoona 86 yako nilicheka peke yangu jikoni, mpaka wifi yako akaja kuniangalia. Nilikumbuka 44.8.

Hadithi ya 44.8 unaijua, lakini unaijua kwa upande wa mjomba wako, maana yeye huisimulia kila Idi. Sikiliza ya kwangu. Ilikuwa miaka ya themanini, wewe hujazaliwa, msikiti wa mtaani kwetu Ng'ambo, hapa Unguja, unataka kuongezwa. Akaletwa mhandisi kijana, kasoma nje, suruali yake imepigwa pasi utadhani haijakaliwa. Akapima, akakokotoa, kisha akawaita wazee baada ya Isha akawaambia kwamba kibla cha msikiti kina kasoro ya zaidi ya nyuzi 40. Msikiti, kasema, unaangalia kaskazini, na Makka iko kaskazini mashariki, nyuzi 44.8.

Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Kwanza kimya. Kisha mzee mmoja, sauti yake naisikia mpaka leo, akauliza: "Na waliokwisha kuzikwa, tuwageuze?"

Hapo ndipo nyumba ilipovurugika, maana maiti nao huzikwa wakielekezwa kibla. Watu wakaanza kuhesabu wazazi wao. Mmoja analia, mwingine anauliza kama sala za miaka yote zinalipwa. Yule kijana, ili awatulize, akaanza kuwasomea hatua zake moja moja kwa sauti. Latitudo ya Unguja, 6 na kitu kusini, longitudo 39.19. Juu kapata 0.0111, chini 0.4974. Tanjiti ya kibla, akasema, ni 0.0223. Kwa hiyo kibla ni 44.8.

Mwanangu, mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati skuli, chaki haijanitoka kwenye kucha. Kila mtoto wa Fomu Tatu anajua kwamba tanjiti ya 45 ni 1. Itakuwaje basi 0.0223 iwe tanjiti ya 44.8? Nilitoa karatasi ya daftari kwenye mkoba, nikagawa 1 kwa 0.0223. Ikatoka 44.8. Bwana yule kaona ile hasi moja ndogo juu ya tan akadhani ni moja gawanya kwa. Hakutafuta pembe, kapindua namba tu. Pembe yenyewe ni nyuzi 1.28, yaani kaskazini kamili ukisogea mashariki kwa unywele. Nikachora mistari miwili, longitudo ya Unguja na longitudo ya Makka, ambazo zimeachana kwa nusu nyuzi na kidogo tu, nikaandika chini yake: "Nyuzi 44.8 inatupeleka baina ya Karachi na Mumbai." Nahodha yeyote wa jahazi aliyekuwa pale angelijua hilo bila hesabu. Nikaikunja karatasi, nikampa mtoto ampelekee mjomba wako upande wa wanaume.

Naye akainuka akaisoma. Akaisoma vizuri, sitamnyima. Alisimama, akakohoa, akasema, "Wazee, mimi nimeiangalia hesabu hii." *Mimi nimeiangalia.* Wazee wakamwombea dua. Kibla kikabaki kilipo, wafu wakabaki walipo, na mjomba wako akawa mtu wa kuulizwa habari za hisabati mtaani kwetu, yeye ambaye kugawa kwa desimali nilimfundisha mimi kwa maharage.

Sisemi kitu juu ya mjomba wako. Ni kaka yangu, na pengine siku ile neno la mwanamke lingerudishwa nyuma ya pazia bila kusomwa, na makaburi yangechimbuliwa. Pengine alifanya jambo la maana. Lakini zimepita Idi ngapi, na hajasema hata mara moja, "karatasi ilitoka kwa dada yangu"? Basi, nimenyamaza.

Nirudi kwenye kuchora, maana najua utanijibu. Utasema: mama, shangazi wa Toronto alichora, na alikosea. Kweli. Alitandaza ramani ya ukutani, akapiga mstari kutoka Toronto mpaka Makka, mstari ukaenda kusini mashariki. Kanuni ikamwambia nyuzi 54.6, kaskazini mashariki, akakasirika na kanuni. Na kanuni ndiyo iliyokuwa sahihi. Ramani ile ni dunia iliyolazwa kwa nguvu. Kwa hiyo, chora kwanza, ndiyo, lakini chora juu ya kitu cha mviringo. Mimi nilimwambia achukue chungwa na kalamu ya wino. Je, hii haivunji msimamo wangu? Nimejiuliza sana. Nikisema mchoro ndio hakimu wa hesabu, halafu hesabu ikahukumu mchoro, hakimu ni nani? Nadhani kila mmoja anamchunga mwenzake, wala hakuna anayelala. Ila ukinishika koo nitasema bado: chora kwanza.

Kuna njia ya kuiepuka shida yako kabisa, nayo naitaja kwa kuwa mumeo ni mtu wa kompyuta. Wenye programu walitengeneza ATAN2, ambayo haitaki namba moja iliyokwisha kugawanywa; unaipa zile mbili zikiwa na alama zake, nayo inajua uko robo gani ya duara. Ikitoka hasi 93.6, ongeza 360 upate 266. Lakini aangalie: kwenye Excel inayotangulia ni ile ya chini, kisha ya juu, na lugha nyingi za programu ni kinyume chake. Akizigeuza atapata jibu lenye sura nzuri kabisa linaloelekea kusikojulikana, halafu atasema ni kanuni ya mama.

Nani mkweli nyumbani kwako, wewe au yeye au simu, mimi simo. Mmeoana wenyewe. Ningeweza kusema, na ulimi unaniwasha, lakini simo. Liulizeni jua. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tarehe 15 au 16 Julai, jua la adhuhuri linasimama juu ya Al-Kaaba kabisa. Mei mwaka huu imeshatupita, ngojeni Julai. Kwa saa za Makka, ambazo ndizo saa zetu hapa Unguja, ni saa sita na dakika 27. Kwenu ni saa saba na dakika 27 mchana. Simamisheni fimbo wima uani, muihakikishe kwa uzi na jiwe. Kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye shina la fimbo, huko ndiko kibla. Hakuna dira, ambayo hata hivyo inafuata kaskazini ya sumaku na kupotoshwa na nondo za nyumba.

Ukiwa hapo hapo na futi mkononi, pima na urefu wa kivuli. Fimbo ya mita 2 itakupa sentimita 62 hivi. Gawa urefu wa fimbo kwa kivuli, bonyeza tan⁻¹, utapata nyuzi 73 kasoro kidogo, ndio urefu wa jua kutoka upeo wa macho. Hapo jibu la mashine lichukue kama lilivyo, usiongeze 180 wala usitoe, maana jua la saa saba mchana haliwezi kuwa chini ya ardhi. Nitumie picha ya kivuli, na safari hii mchoro uwe juu ya karatasi kabla ya tarakimu.

Wasalimie wote. Halua imefika, imebonyea upande mmoja lakini imeliwa.

Mama yako