Abrahamu na ile miaka 25

Dada umeuliza kama Mungu ni mwaminifu mbona Abrahamu kasubiri miaka 25 kumpata mtoto aliyeahidiwa, maana katoka Harani ana 75 na Isaka kazaliwa mzee ana 100. Mi nadhani jibu liko Mwanzo 15, pale wengi tunaparuka sababu ya zile nyama. Abramu (ndo Abrahamu huyo huyo kabla hajabadilishwa jina) anamuuliza Mungu nitajuaje kama nitairithi nchi hii, anaambiwa lete mtamba, mbuzi jike na kondoo dume, wote wa miaka mitatu, na hua na kinda la njiwa, anawapasua vipande vinaelekeana (ndege hakuwapasua) afu anabaki hapo anafukuza tai wasitue kwenye mizoga, hebu fikiria mzee kashapita 75 anahangaika na tai mpaka jua linaelekea kuzama. Zamani hizo wenye kuweka agano walipita katikati ya vipande, yaani nikivunja na mimi nifanywe hivi, soma Yeremia 34:18 utaiona. Sasa giza limeingia, kinachopita pale ni tanuru ya moshi na mwenge unaowaka, yaani ishara ya Mungu mwenyewe, Abramu mwenyewe wala hakupitishwa!! Kwa hiyo mzigo wote kaubeba Mungu peke yake, ndo maana hata ile ishu ya Hajiri, mjakazi aliyemzalia Abramu mtoto, sura inayofuata haikulifuta agano. Na kuhusu kuchelewa, mbona aliambiwa mapema, mstari wa 13 uzao wake utateswa miaka 400 kwanza. Kusema ukweli hiyo 400 ndo inanisumbua mimi kuliko 25 yako 😅