Kichocho, katofu na kansa: wadogo zangu someni hii kabla hamjashika pipeti

Jamani kila wanapokuja wapya maabara naletewa pleti za ELISA (kipimo cha kutafuta kingamwili kwenye seramu) zenye makosa yaleyale ya waliotangulia. Nawapenda ndo maana naandika.

1. Kontroli hasi, yaani sampuli za watu tunaojua hawana kichocho. Ukichukua seramu za wachangia damu wa Ulaya ukapiga wastani ukajumlisha SD tatu (SD ni kipimo cha majibu yanavyotawanyika), katofu, yaani mpaka wa chanya na hasi, inakaa chini mno, ukifika nayo Shinyanga wanatoka chanya hadi wenye minyoo ya safura tu. Tafuta hasi za hukuhuku, watu wa sehemu isiyo na kichocho lakini minyoo mingine wanayo.

2. Gawa seramu kwenye tyubu ndogondogo siku hiyohiyo, kugandisha na kuyeyusha kila mara kunaharibu sampuli.

3. Kingamwili siyo mnyoo. Mtu anameza praziquantel anapona, kingamwili zinabaki miaka, kwahiyo ELISA ya SEA (antijeni ya mayai ya kichocho) haikwambii kama bado anaumwa. Ndo maana tunahangaika na CAA, antijeni ile mnyoo hai anaitapika kwenye damu, akifa inapungua mpaka inaisha. Na TCA, asidi ya kuondoa protini kwenye sampuli, msiiruke, CAA ni sukari, asidi haiidhuru.

4. Hapa tulieni. CAA ilipotufikia mimi niliiamini kupita kiasi. Akaletwa mzee mmoja na mwanae, mkulima wa mpunga, damu kwenye mkojo kaizoea tangu utotoni ila safari hii inatoka na mabonge. Nikachuja mkojo mililita 10, sikuona hata yai moja la kichocho, lile lenye mwiba, CAA hasi, nikamwambia yule kijana kwa furaha kabisa, baba hana kichocho, yuko salama. Salama niliitoa wapi? Kipimo hakikukosea, minyoo ilishakufa, lakini mayai yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu miaka yote ile yalikuwa yameshauharibu. Waliporudi mzee kakonda, mkojo umeziba, wakampitisha kamera wakakuta uvimbe umeshaingia kwenye msuli. Mwanae hakunigombeza, aliniuliza tu, daktari si ulisema hana? Nikakosa cha kumjibu. Na siyo kwamba hatukujua, IARC, shirika la WHO la utafiti wa kansa, waliiweka haematobium, mnyoo wa kichocho cha kibofu, kundi la 1, la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu, mwaka 1994, pamoja na Opisthorchis, mnyoo wa ini wa kule Thailand anayeleta kansa ya njia za nyongo, na huyo naye unaweza kumtoa kwa dawa kansa ikaja miaka mingi baadaye. Kwahiyo kwenye fomu andika ulichopima: antijeni ya minyoo hai haijaonekana. Basi. Mtu mzima mwenye damu kwenye mkojo, CAA iwe chanya iwe hasi, mpe rufaa akaangaliwe kibofu, na usimwache aondoke mpaka mwanae au mkewe ameelewa kwanini anaenda.

5. Lebo andikeni kwa kalamu ya friza, ya kawaida inafutika.

Anayebisha kuhusu katofu alete pleti yake na orodha ya hasi zake, tukae tuziangalie moja moja.