Maoni Yasiyopendwa: Hisabati ya Lazima, Bao na Mkeka

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji watuandikie maoni ambayo, wakiyatamka mezani, ndani ya matatu au katika mkutano wa wazazi, hutazamwa kama watu waliokufuru. Barua nyingi zilizotufikia zilihusu mambo mawili ambayo sikutarajia kuyakuta katika bahasha moja: somo la hisabati ambalo kila mwanafunzi hulazimishwa kulisoma, na starehe ambazo sisi wa Nairobi hujiliwaza nazo jioni na mwisho wa juma. Nimechagua barua nne. Niungame mapema kwamba mimi mwenyewe nilipata D ya hisabati katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hivyo anayetaka kuniita wakili wa walimu wa somo hilo atafute ushahidi kwingine.

*Mhariri, binti yangu ameingia Gredi ya 10 mwaka huu katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, kwa kuwa moyo wake wote uko kwenye gitaa. Tulipoelezwa mara ya kwanza kuhusu sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, tuliambiwa kwamba hisabati haitakuwa ya lazima kwa wasiochukua sayansi, na siku hiyo nyumbani kwetu kulipikwa pilau. Baadaye serikali ikageuza neno. Wazazi wenzangu hawataki kusikia maoni yangu, nayo ni kwamba mtoto aliyehangaika na somo hili miaka yote bila mafanikio aachwe apumzike. Je, nimekosea?*
*Mama wa Mpiga Gitaa, Umoja*

Mama, kumbukumbu yako ni sahihi. Katika mpango wa awali wa sekondari pevu hisabati haikuwa miongoni mwa masomo ya lazima, na ni Aprili 2025 ambapo Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza kwamba itarudishwa kwa wanafunzi wote baada ya wadau wengi kulalamika. Hata hivyo haikurudi kwa sura moja. Wanafunzi wa mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati wanasoma hisabati ya kina, ilhali wale wa Sayansi za Jamii na wa Sanaa na Sayansi ya Michezo wanasoma hisabati iliyopunguzwa uzito na kuelekezwa katika mahitaji ya maisha. Mzigo wa binti yako, kwa hiyo, si ule wa jirani yake anayetaka kuwa mhandisi.

Mimi ninaunga mkono somo hilo kubaki, ingawa si kwa sababu inayotajwa kila siku. Wanaosema kwamba bila hisabati huwezi kuishi mjini wanatia chumvi, maana tangu nilipotoka shuleni sijafungua kile kitabu cha jedwali kutafuta logi ya namba yoyote, na kodi ya nyumba imelipwa. Ninachojutia ni sura chache zilizotupita kwa haraka. Katika silabasi ya 8-4-4, mfumo wa elimu uliotangulia huu wa magredi, riba, ununuzi wa lipa polepole na kodi ya mshahara ni mada za kidato cha tatu, nasi tulizivuka mbio kwa sababu mwalimu alikuwa anakimbilia mada alizoziona kuwa ngumu zaidi. Miaka kadhaa baadaye nikakopa kwa simu mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5, nikaona ni kitu kidogo. Shilingi 10,000 zikilipiwa ada hiyo kila mwezi, na kila mwezi ada ikaongezwa juu ya deni, hufika takriban shilingi 23,800 mwaka ukiisha. Hesabu hiyo niliifanya baada ya kulipa, badala ya kuifanya kabla ya kukopa, na sidhani kama niko peke yangu katika jiji hili.

Ambapo nakubaliana nawe kabisa ni katika matumizi ya somo hili kama chujio. Tangu KCSE ya mwaka 2023, gredi ya jumla ya mtahiniwa hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vizuri. Tazama basi: mtahiniwa anaweza kuweka kando alama zake za Kiswahili iwapo Kiingereza kimempendeza zaidi, lakini hisabati hana pa kuikwepea. (Kwa gazeti la Kiswahili hilo ni donda, ila nitaliuguza siku nyingine.) Kijana aliyepata D, kama mimi, hubeba alama hiyo hadi mlangoni pa kozi ambazo hazina haja nayo. Maoni yangu, ambayo hayapendwi na upande wako wala wa wapinzani wako, ni kwamba hisabati isomwe na wote hadi mwisho wa sekondari, na kwa wasio wa mkondo wa sayansi isitumike kumfungia mtu mlango wowote.

Kuhusu binti, mpe rula na umwombe apime uzi mmoja wa gitaa lake, kutoka pale unapoegemea shingoni hadi kwenye daraja lililo juu ya kasha. Kisha apime hadi kwenye kichuma cha 12 miongoni mwa vile vinavyokatiza shingo. Ataona ni nusu, na akikandamiza hapo atasikia noti ileile ya uzi mtupu, ila imepanda juu. Kichuma cha saba kitamwachia uzi wa takriban theluthi mbili, nayo noti yake ndiyo ile inayokubaliana na ya kwanza kana kwamba zimezaliwa pamoja. Sisemi kwamba atalipenda somo kwa ajili hiyo. Nasema kwamba amekuwa akilifanya kwa vidole chumbani mwake huku wewe ukidhani amelikimbia.

*Mhariri, mimi ni mwendeshaji wa bodaboda. Hesabu niliikimbia shuleni na sina haja ya kurudi. Watu hutukemea sisi vijana wa stejini kwa sababu ya kubeti, lakini kwangu ni burudani kama nyingine. Mtu analipa tiketi ya sinema na hakuna anayemwita mjinga. Mimi ninalipa mkeka wa ubashiri wa shilingi 100 na kupata raha ya dakika 90, na Jumamosi naongeza jakipoti ya mechi 17. Tofauti iko wapi?*
*Kijana wa Steji, Kawangware*

Ndugu yangu, nusu ya hoja yako ninaikubali, na najua kuna wasomaji watakaonuna. Raha ina bei yake, na mtu mzima ana haki ya kuinunua kwa pesa alizozitokea jasho. Tofauti iko hapa: bei ya sinema imechapishwa kwenye tiketi, nayo bei ya mkeka wako imefichwa ndani ya zile namba za odi, zinazozidishwa kwa dau lako ukipatia. Hebu tuifichue.

Tuseme mechi imewekewa 2.50 kwa wenyeji, 3.20 kwa sare na 2.70 kwa wageni. Jifanye mtu mwoga asiyetaka kupoteza kwa namna yoyote, kwa hiyo unaweka dau pande zote tatu: shilingi 4,000 kwa wenyeji, 3,125 kwa sare na 3,704 kwa wageni. Jumla umetoa shilingi 10,829. Sasa zidisha kila dau kwa odi yake, na utaona kwamba matokeo yawe yoyote yale, utakachopokea ni shilingi 10,000. Zile 829 zimebaki kwa mwenye mchezo kabla refa hajapuliza kipenga. Kwa maneno mengine, kila shilingi 100 inayoingia hapo hurudi kama 92 hivi kwa wastani. Ukiunganisha mechi tano za aina hiyo katika mkeka mmoja, mkato huo hujizidisha mara tano, na wastani wa kinachorudi katika kila 100 hushuka hadi 67 hivi. Bei ya burudani yako ni kama shilingi 33 kwa kila mkeka. Huenda ukaona ni nafuu kuliko sinema, na hapo sitakubishia, mradi usiuite mkeka huo mpango wa kujenga nyumba.

Jakipoti ni jambo jingine. Kila mechi ina matokeo matatu, na tatu zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe mara 17 huzaa njia 129,140,163 za kujaza mkeka, kati ya hizo moja tu ikiwa sahihi. Utaniambia kwamba wewe hubahatishi, unazijua timu. Vema. Tuseme una ujuzi wa kupatia mechi sita katika kila kumi, jambo ambalo si dogo. Nafasi yako ya kuzipatia zote 17 ni takriban moja kati ya 5,900. Ukicheza kila Jumamosi bila kukosa hata moja, miaka 100 ina Jumamosi 5,200 na ushei.

Jambo la mwisho, kwa kuwa umesema uliikimbia hesabu. Juzi nilisubiri mvua ipungue kwenye kibanda cha steji moja, nikamsikia mwenzako akizidisha 1.85 kwa 2.10 kichwani, akatamka "tatu nukta tisa hivi" huku akifunga kamba ya helmeti. Jibu kamili ni 3.885. Mwalimu wangu wa kidato cha pili angemhamishia dawati la mbele. Uwezekano, yaani sura inayofundisha mambo haya yote, uko katika kidato cha tatu, nami ningependa wanafunzi waufikie kabla hawajapata simu ya kwanza yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lao.

*Mhariri, ninafundisha hisabati katika shule moja ya sekondari huku Kasarani. Ijumaa alasiri huwapa wanafunzi wangu bao, drafti na karata, kwa sababu naona wanafikiri zaidi hapo kuliko ubaoni. Wazazi wamelalamika kwamba ninawafundisha kamari. Maoni yangu yasiyopendwa ni kwamba michezo hii iingizwe katika somo rasmi na itolewe alama. Unaonaje?*
*Mwalimu wa Ijumaa, Kasarani*

Mwalimu, shikamoo, maana wewe unafanya kazi ambayo mimi niliwahi kuikimbia. Kuhusu karata nadhani ungeweza kuwatuliza wazazi kwa kuwaalika wakae nyuma ya darasa siku moja. Karata ni 52, kopa ni 13, na mtoto anayeulizwa ni mara ngapi atarajie kuchomoa kopa anajifunza robo kwa mkono wake mwenyewe. Kamari huanza pesa inapowekwa mezani.

Bao ndilo lililonifanya niichague barua yako. Nililelewa Majengo, Pumwani, na babu yangu alikuwa mchezaji wa bao la Kiswahili barazani pale, mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza na kete 10 kwenye ubao na 22 mkononi. Babu hakusoma shule hata darasa moja. Alikuwa akitazama shimo lenye kete saba au nane, macho yakaruka mara moja hadi pale ambapo kete ya mwisho ingeangukia, akaona kwamba itateka, akaona shimo ambalo zile zilizotekwa zingemfikisha, na mkono ukaondoka. Nikimuuliza amejuaje hunijibu kwamba ameona tu. Jioni alikuwa anatunga mashairi, akihesabu mizani kwa kugusa vidole kwa dole gumba, minane kwa minane, na nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba shairi la mishororo minne yenye mizani 16 kila mmoja lina mizani 64, sawa na kete zake. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa ambayo ningependa kumwambia.

Sasa nikupinge. Alama usitoe. Siku bao litakapokuwa na karatasi ya majibu, na mtoto aliyeteka kete chache akaandikiwa "bidii zaidi", utakuwa umeliua kwa njia ileile iliyoniulia mimi hisabati. Watoto wako wanafikiri Ijumaa kwa sababu hakuna anayewaandika. Waache hivyo, na Jumatatu unapofundisha mfululizo wa namba, uliza kwa kupitia tu ni nani anakumbuka kete ziliishia wapi.

*Mhariri, Jumamosi usiku wenzangu huenda klabuni, nami hubaki nyumbani na chai ya tangawizi nikijaza sudoku ya gazeti, lile fumbo la kupanga tarakimu 1 hadi 9 bila kurudia katika safu. Wananicheka kwamba nimerudi darasani. Je, nina kasoro?*
*Binti wa South B*

Dada, huna kasoro, na wanaokucheka hawajaitazama vizuri. Sudoku haina hesabu hata chembe, kwa kuwa hujumlishi wala hutoi. Zile tarakimu tisa ungeweza kuziondoa ukaweka herufi tisa, au picha za matunda tisa, na fumbo lingebaki vilevile. Inachodai ni kufikiri kwa utaratibu: kama hapa si saba, basi saba imo pale. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Dublin walionyesha mwaka 2012, baada ya kompyuta kupekua kwa muda mrefu sana, kwamba sudoku yenye jibu moja tu haiwezi kuwa na tarakimu za kuanzia zilizo chini ya 17. Ndiyo, 17 ileile ya jakipoti ya kijana wa Kawangware, ila kwako zinatosha kukufikisha kwenye jibu, tena gazeti lenyewe umekwisha kulilipia. Ukikwama kwenye ile ngumu ya Jumapili, anza na safu iliyojaa zaidi.